Gari gani limfae Mama wa miaka 69, anayeishi peke yake Kibada?

Mhariri, shikamoo. Na wakubwa wote mnaosoma ukurasa huu, shikamooni.

Mimi ni mtoto wa mwisho katika familia ya watoto watatu, naishi Tabata Segerea. Naandika kuhusu gari la Mama yetu. Tumebishana juu yake mpaka mimi na Kaka sasa tunaongea kwa kupitia kwa Dada tu, na wakati huohuo Mama anaendelea kutembelea gari ambalo siku yoyote linaweza kumwacha njiani.

Mama ana miaka 69. Alikuwa muuguzi, amestaafu, na tangu Baba afariki miaka minne iliyopita anakaa peke yake Kibada, Kigamboni. Anaendesha mwenyewe, na anaendesha vizuri. Macho yake yamepimwa mwaka huu, yako sawa. Gari linampeleka kanisani, sokoni, kwenye kikoba chake kila Jumatano, na mara moja kwa mwezi anavuka kwenda kliniki ya presha mjini, ama kwa pantoni ama kwa Daraja la Nyerere akilipa tozo. Bila gari inabaki bodaboda, na goti lake la kushoto haliwezi tena kupanda bodaboda.

Gari lililopo ni la Baba, Toyota Mark II, ile GX 100 ya silinda sita, cc 1988. Wakati wake lilikuwa gari zuri sana, na Baba alilitunza. Ila miaka ya mwisho, Baba akiwa anaumwa, lilipelekwa kwa fundi mmoja aliyetoa thermostati, kile kifaa kinachoongoza joto la injini, akisema nchi ya joto kama yetu haiihitaji, kisha akajaza maji ya bomba badala ya kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini. Maji yakaleta kutu, kutu ikaziba rejeta inayopoza maji hayo, gari likaanza kuchemsha. Gasketi ya silinda hedi imeshaungua mara moja, hedi imechongwa, rejeta imebadilishwa kwa nyingine ya mtumba, na bado mshale wa joto unapanda gari likisimama kwenye foleni.

Mwezi wa tatu alitoka kliniki mchana, akaingia kwenye foleni ya magari pale Feri. Jua lilikuwa kali na foleni ilikuwa ndefu. Mshale ukapanda, Mama akazima injini kama alivyofundishwa na Baba. Foleni iliposogea gari likakataa kuwaka. Vijana wa pale wakamsukuma mpaka ndani ya pantoni, na ng'ambo wakamsukuma tena kumtoa. Akakaa pembeni ya barabara akisubiri lipoe, akaongeza maji, akaendesha kidogo, akasimama tena. Alifika nyumbani saa tatu usiku. Hakumpigia simu mtoto yeyote. Mimi nilikuja kuambiwa na jirani yake wiki tatu baadaye.

Nilipomuuliza kwa nini hakunipigia alinijibu, "Ulikuwa kazini, mwanangu. Na wewe una watoto wako." Nimelilia jibu hilo zaidi ya nilivyolilia gari. Mama yangu yuko tayari kukaa gizani barabarani kuliko kutusumbua, kwa hiyo gari atakalopewa lazima liwe ambalo halitamfikisha hapo. Mengine yote kwangu yanafuata nyuma.

Sasa nieleze tunapogombania.

Kaka anataka tuagize Toyota IST kutoka Japani. Kwa upande wa gari lenyewe simpingi. Injini zake, ya cc 1300 na ya cc 1500, zinatumia taiming cheni, yaani cheni ya ndani inayozungusha valvu, si mkanda kama GX 100, kwa hiyo hakuna kuhesabu kilomita za kubadilisha mkanda. Gia boksi yake ni otomatiki ya kawaida ya gia nne. Spea zake Gerezani zimejaa, na sijui gereji ya Dar ambayo fundi wake hajawahi kuifungua IST. Tatizo ni kodi. IST zile za mwanzo, tunazoweza kuzimudu kwa bei ya Japani, ni za 2002 mpaka 2007. Gari likizidi miaka 10 linaangukia kwenye ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na hapo bado ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya ukubwa ule, na VAT asilimia 18. Tulikaa na Kaka tukapiga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA, Mamlaka ya Mapato, tukajumlisha na meli na bandari, tukajikuta tumeshavuka fedha tulizonazo kabla hata ya bima.

Fedha tulizochanga ni milioni 9 na nusu. Dalali amesema GX 100 ikiuzwa kama ilivyo inaweza kupata milioni 3 au 4, na Kaka tayari ameziweka kwenye hesabu yake. Lakini Mama amesema gari la baba yenu haliuzwi. Alisema mara moja, kwa upole, akaenda jikoni. Mimi siwezi kumlazimisha. Kaka anasema hizo ni hisia na gari litaozea pale uani, na chumvi ya bahari ya Kigamboni kweli inakula bodi. Yote mawili ni kweli, ndiyo maana sijui la kufanya.

Dada yuko Mwanza, yeye anapendekeza Toyota Passo la mkononi. Cc 996, silinda tatu, mafuta halinywi, na bei tunaiweza na chenji inabaki. Sina neno baya juu yake isipokuwa kwamba barabara ya kuingia kwa Mama ni mchanga na makorongo, mvua zikinyesha inakuwa mbaya zaidi, na kale kagari nimekaona kwa rafiki yangu kanavyoteseka na matuta. Dada pia alitaja Toyota Porte kwa sababu ya ule mlango mkubwa wa umeme unaoteleza. Nikamkumbusha kwamba mlango ule uko kushoto. Mama ndiye dereva, anakaa kulia.

Kuhusu kukaa, niseme jambo ambalo wanunuzi wengi hatuliangalii. Nilimchukua Mama Jumamosi moja tukazunguka yadi tatu, sikumwambia bei wala mwaka. Nilimwomba tu aingie na kutoka, mara tatu kwa kila gari. Kwenye GX 100 anashuka kwa kushika mlango kwa mikono miwili na kujivuta, maana kiti kiko chini sana. Kwenye IST aliingia vizuri, kiti kiko juu, lakini alipojaribu kurudi nyuma aliniuliza, "Mbona huku nyuma sioni?" Nilipokaa mimi nikaona anachosema, zile nguzo za nyuma ni nene na kioo ni kidogo.

Halafu shemeji akatuonyesha Toyota Raum ya mtu anayemfahamu, Ukonga. Ni ile Raum ya pili, iliyoanza kutengenezwa 2003, injini 1NZ, cc 1496, ileile inayofungwa kwenye IST ya cc 1500. Mama aligeuka, akakaa, akazungusha miguu ndani bila kuinama. Akasema, "Hapa nimekaa kama sebuleni." Vioo ni vikubwa. Upande wa kushoto hakuna nguzo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, na wa nyuma unateleza, kwa hiyo hata Mama Mkubwa, ambaye anatembelea fimbo na Mama humpitia kila Jumapili, ataingia bila kubebwa. Nilimwangalia Mama usoni nikajua amelipenda, ingawa hakusema.

Bei ni milioni 8 na laki 7. Tunaiweza bila kugusa gari la Baba. Na hapa ndipo naomba macho yenu, kwa sababu nimeona vitu vitatu vilivyoninyima usingizi.

Tulifika saa moja asubuhi kama tulivyokubaliana, nikaweka mkono juu ya boneti, ikawa ya moto. Mwenye gari akasema alikuwa amelisogeza ili lioshwe. Inawezekana. Lakini nimeambiwa na mafundi wawili kwamba hizi 1NZ za miaka ya mwanzo, zikichoka ringi za pistoni au sili za valvu, zinakula oili, na moshi wa bluu huweza kuonekana injini ikiwashwa ikiwa baridi. Nilivuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, oili ilikuwa chini ya alama na nyeusi. Cha tatu, kadi ya gari bado ina jina la mmiliki wa kwanza. Anayeuza ana mkataba wa mauziano wa mkono tu, hakuwahi kubadilisha umiliki TRA.

Shemeji anasema nakuza mambo, gari linatembea, AC inapuliza, bodi haijagongwa. Nimemweleza kwamba mimi nikinunua gari bovu nitapanda daladala, ila Mama atakaa barabarani kimya.

Kaka naye, tangu IST ishindikane, ameanza kusema Mama aache kuendesha, ahamie kwake Mbezi, apelekwe anakotaka kwenda. Najua anasema kwa upendo. Lakini Mama ana bustani yake, ana kikoba chake, ana kanisa alilolisaidia kujenga. Akihamishwa kwa sababu ya rejeta nitakuwa nimemkosea sana.

Nikishapata gari nimeshaamua nitakavyolitunza. Thermostati ikae mahali pake na kulanti iwekwe kulanti. Oili ya injini kila kilomita 5,000, ya gia boksi iwe ya aina inayotakiwa na si yoyote iliyopo dukani, na daftari likae kwenye dashibodi fundi aandike alichofanya na tarehe. Betri na tairi nitanunua mpya mimi mwenyewe. Redio nayo nitaishughulikia, kwa sababu redio nyingi za magari ya Japani zimetengenezwa kushika FM ya 76 mpaka 90 tu, na Mama bila sala ya asubuhi redioni hatoki nyumbani.

Naombeni ushauri kwa wenye uzoefu, hasa mafundi na wale mliowanunulia wazazi wenu. Raum hii niifuatilie, au dalili ya boneti ya moto inatosha kuondoka? Kama nifuatilie, fundi wa kuikagua apime nini zaidi ya mashine na moshi? Habari ya kadi, nimwambie muuzaji amtafute mmiliki wa kwanza wakamilishe kwanza TRA ndipo nilipe, au nilipe nusu? Spea za bodi za Raum, kama taa na reli ya ule mlango, zinapatikana bila kuhangaika? Na kama kuna aliyewahi kubaki na gari la marehemu uani, aniambie walifanyaje na mzazi wao.

Mwenye gari ameniahidi kunisubiri mpaka mwisho wa mwezi. Nimemwomba nirudi alfajiri, saa kumi na moja na nusu, nilikute halijawashwa, naye amekubali. Nitamchukua fundi wangu wa Tabata, na Mama amesema lazima tumpitie.

Binti wa Mwisho,
Tabata Segerea, Dar es Salaam