Kahawa ikiwa bado mbichi

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Jumapili ulipopiga simu uliongea kama mtu anayekimbizwa. Baadaye dada yako akanieleza: ulikopa kwenye simu, ukakopa kwingine kulipa ule wa kwanza, na sasa unatafuta wa tatu. Ndiyo hiyo mnayoiita kausha damu. Sikuandikii kukugombeza. Mimi mwenyewe nimewahi kuichukua, ila huku kwetu Kagera jina lake ni butura, kuuza kahawa ikiwa bado mbichi mtini.

Ulikuwa unaingia kidato cha kwanza. Ada, godoro na sanduku vyote vilitakiwa Januari, na kahawa mtini ilikuwa ya kijani, punje kama mbaazi. Akaja mtu jioni, akazunguka shamba akihesabu mibuni kwa macho, akanilipa pale pale mlangoni. Haikufika nusu ya bei. Nilijua, nikapokea. Kufika Juni nilikuwa chini ya mibuni yangu mwenyewe, imeiva nyekundu, nachuma, naanika kwenye jamvi langu, naigeuza juani, mvua ikinyemelea naikimbilia kuianua, yote mali ya mtu mwingine. Alikuja na magunia yake. Siku chama cha msingi cha wakulima kilipotangaza bei, nilitoka nje nisisikie. Mama yako hakunisema. Afadhali angenisema.

Miezi ile ndipo nilipoisoma vizuri Injili ya Marko, sura ya tano. Yairo ana binti wa miaka kumi na miwili, yu mahututi. Amemwangukia Yesu miguuni, Yesu amekubali, wanakwenda. Njiani mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili anagusa vazi lake, na Yesu anasimama. Anauliza nani kamgusa. Wanafunzi wanashangaa, umati wote huu unasongana! Yeye anatazama huku na huku mpaka mama wa watu anajitokeza na kueleza yake yote. Na Yairo? Marko hakuandika hata neno moja la Yairo hapo. Baba amesimama, mwanawe anakata roho nyumbani, na akiwa pale pale wanakuja kumwambia amekwisha kufa, ya nini kumsumbua Mwalimu.

Sikudanganyi, kusimama kule kunanisumbua hadi leo. Ningekuwa mimi ningemvuta kwa kanzu. Lakini Yairo hakuondoka kwenda kutafuta mganga mwingine. Aliambiwa asiogope, aamini tu, akaendelea kutembea naye hadi nyumbani. Na binti alipoinuka, Yesu akasema apewe chakula. Hakuwa na haraka hata ya kulisahau tumbo la mtoto.

Basi huo mkopo wa tatu usiuchukue. Wapigie wale wawili, waambie ukweli, uombe kulipa kidogo kidogo. Watakutukana, vumilia. Mimi nitauza mbuzi mmoja, si wote, na pesa zinazobaki utazilipa mwenyewe, hata ikichukua mwaka. Jioni zima simu kabla ya kulala, usali tendo moja la rozari. Moja tu, lakini polepole, kila Salamu Maria uisikie ikitoka mdomoni. Nakujua, utataka kumaliza yote matano kwa dakika sita.

Kardinali Laurean Rugambwa, yule wa kwetu Kagera, alifariki 1997, akazikwa Kashozi kusubiri kanisa kuu la Bukoba likarabatiwe, na hadi 2012 ndipo akahamishiwa. Mama yako husema kwetu hata marehemu wanajua kungoja.

Senene wameanza. Mama yako yuko hapa mlangoni na ndoo nzima, ananyonyoa mabawa na miguu, mmoja mmoja. Nilimwambia mwaka huu tununue waliokwisha kunyonyolewa, akanitazama tu. Senene wako watapanda basi la Ijumaa. Uwahi stendi kuwapokea, wasije wakaharibika.

Ni mimi baba yako.