Barua ya wazi kwa askari wastaafu na familia zao: shada la maua halijazi fomu

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliovua sare, viongozi wa vyama vya askari wastaafu, na ninyi wake, waume na watoto wao. Mimi ni mjane wa askari, umri umekwenda, na wengi wenu mnaniita Mama hata pale nisipostahili. Leo nivumilieni, maana nina hasira na sioni sababu ya kuificha.

Majuzi tulizika mmoja wenu. Chama kilikuja kamili: koti zimepigwa pasi, nishani vifuani, bendera juu ya jeneza, tarumbeta ikalia mpaka watoto wakashtuka. Kila aliyeshika kipaza sauti alimgeukia mjane akamwambia hatakuwa peke yake. Wiki chache baadaye nimemkuta binti yule kwenye benchi la ofisi ya mafao, mtoto mgongoni, bahasha mapajani, na wa kumsindikiza hana. Karani alikuwa amemrudishia karatasi zake. Fomu ya warithi iliyo kwenye faili la marehemu ilijazwa siku alipoandikishwa, akiwa kijana asiye na mke. Mrithi aliyeandikwa ni mama yake mzazi, naye alishatangulia mbele ya haki zamani. Mtu ametumikia, ameoa, amezaa, amestaafu, na muda wote huo hakuna aliyemwambia, "Nenda kabadilishe jina." Na mlikuwa mnakaa naye vikaoni!

Nikamuuliza kama chama kina habari. Akafungua simu akanionyesha kundi la WhatsApp. Picha za shada la maua zilikuwa nyingi, kutoka kila upande, na chini yake viganja vya pole vimepangana kama gwaride. Swali lake la kuomba mtu wa kwenda naye ofisini lilikuwa juu kidogo ya picha hizo. Halikujibiwa.

Sasa sikilizeni habari ya karatasi, na anayechoka apumzike kisha arudi, maana sitaifupisha.

Mafao ya askari, nchi yoyote ile, hayapimwi kwa ushujaa. Yanapimwa kwa faili. Kamanda wako anaweza kukukumbuka kwa machozi, lakini karani wa dirishani hakujui. Anajua namba yako ya jeshi, tarehe uliyoingia, tarehe uliyotoka na jina lilivyoandikwa. Herufi moja ikizidi kwenye kitambulisho cha uraia na kupungua kwenye cheti ulichopewa siku ya kuondoka jeshini, kwake hao ni watu wawili. Msimlaumu peke yake. Ndivyo alivyofundishwa kuzuia wezi. Ila wezi wana karatasi safi siku zote, anayekwama ni mjane.

Najua mtaniambia jeshi lina kumbukumbu zetu zote. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis, Marekani, liliwaka moto. Yaliteketea mafaili kati ya milioni 16 na 18, mengi ya watu waliopigana vita vikuu viwili vya dunia, na nakala hazikuwepo. Miaka mingi baadaye bado wazee walikuwa wakitafuta barua za zamani, picha na wenzao wa kikosi wa kuwatolea ushahidi kwamba walikuwa askari kweli. Uingereza nako, mabomu ya mwaka 1940 yaliunguza sehemu kubwa ya mafaili ya askari waliopigana vita ya kwanza. Hizo ni serikali zenye fedha na makabati ya chuma. Wewe unategemea faili moja lililo mbali, ambalo hujawahi kuliona, na cheti chako halisi umekikunja ndani ya begi la nguo.

Kwa hiyo tengeneza nakala, zithibitishwe kisheria, na zikae nyumba mbili tofauti. Mke ajue zilipo. Namba ya jeshi iandikwe mahali ambapo watoto wanaweza kuisoma, kwa sababu nimeona familia nzima, pamoja na kaka wa marehemu aliyejifanya anajua kila kitu, ikibaki inatazamana dirishani pale karani alipoiuliza. Fomu ya warithi itazamwe upya kila panapotokea ndoa, talaka, mtoto au kifo. Ndoa isajiliwe. Hili la ndoa nalisema kwa ninyi wanaume mnaopenda kusema "tutasajili tu, haraka ya nini." Siku ukifa, haraka itakuwa ya ndugu zako.

Halafu kuna karatasi za hospitali. Hapo ndipo ujeuri wa kijeshi unapowaponza. Askari anaanguka na begi zito, goti linavimba, anafunga kitambaa na kuendelea kwa sababu hataki aitwe mvivu. Masikio yanapiga kelele baada ya mazoezi ya mizinga, anacheka. Hakwenda kwa daktari wa kikosi, basi faili halina kitu. Akifika umri wangu hasikii na hapandi ngazi, anaomba fidia ya ulemavu, anaulizwa: umeumia lini, wapi, nani aliandika? Askari wa Marekani waliopigana Vietnam na kuugua kwa dawa ya kuua majani iliyonyunyizwa msituni, vita yao iliisha mwaka 1975. Ni mwaka 1991 ndipo bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya kuyahesabu baadhi ya magonjwa yao kuwa yametokana na dawa ile bila kila mmoja kulazimika kuthibitisha kivyake. Waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka kule Iraki na Afghanistani nao walingoja mpaka 2022. Fikirieni waliokufa katikati ya kungoja. Mlio bado kazini mnaosoma barua hii juu ya bega la baba zenu: ukiumia, ripoti siku hiyo hiyo, na uombe nakala.

Faili likiwa sawa, lina nguvu ya ajabu. Mwaka 2020 huko Marekani alifariki mama mmoja aliyekuwa bado akipokea pensheni ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, vita iliyokwisha mwaka 1865. Baba yake alimzaa akiwa mzee sana, na kwa kuwa alikuwa na ulemavu tangu utotoni alihesabiwa tegemezi wa askari maisha yake yote. Dola 73 na senti 13 kwa mwezi, mpaka kifo chake. Fedha kidogo, ndiyo. Lakini kuna karani aliyefungua faili, akakuta jina, akalipa.

Pasipo na msaada wenu huingia vishoka. Binti yule wa kwenye benchi alikuwa tayari ameshaongeleshwa na kijana aliyevaa vizuri, anayefahamu majina ya makarani wote, anayetaka theluthi ya fedha "ili mambo yaende." Kufa kufaana, wahenga walishayaona haya. Kijana huyo anapata riziki kwa sababu viongozi wa chama, wenye uzoefu wa ofisi zile zile na wanaofahamu chumba hadi chumba, wako nyumbani wanapanga sare ya sherehe ijayo.

Wala sizisafishi serikali. Msidhani usahaulifu huu ulianza na ninyi. Marekani iliwaahidi askari wa vita ya kwanza malipo ya ziada kwa sheria ya mwaka 1924, ikasema italipwa 1945. Njaa ya mdororo wa uchumi ilipowakaba, maelfu yao walikwenda Washington mwaka 1932 kuomba walipwe mapema. Tarehe 28 Julai, jeshi lao wenyewe, likiongozwa na Jenerali Douglas MacArthur, liliwatimua kwa mabomu ya machozi na vifaru, vibanda vyao vikateketea. Walilipwa mwaka 1936. Kule Accra, tarehe 28 Februari 1948, askari wa Kiafrika waliorudi kutoka vitani, miongoni mwao waliopigana Burma, waliandamana kwenda kwa gavana na barua ya kudai walichoahidiwa. Polisi walifyatua risasi, watatu wakafa. Walinusurika na vita, wakauawa wakiwa wameshika barua. Na Ufaransa mwaka 1959 ikagandisha pensheni za askari wa makoloni yake, zikabaki pale pale huku za wenzao Wafaransa zikipanda, kwa miongo kadhaa. Handaki lilikuwa moja, risasi zilikuwa zile zile.

Hata sheria nzuri inaweza kufia dirishani. Tarehe 22 Juni 1944 Rais Roosevelt wa Marekani alitia saini sheria ya kuwasomesha askari waliorudi, kuwadhamini mikopo ya nyumba na kuwapa posho wakiwa hawana kazi. Kufikia 1956 karibu watu milioni 8 walikuwa wamesoma au kupata mafunzo kwa sheria hiyo. Kizazi kizima kiliinuka. Lakini mkopo ulitoka benki, na benki ndiyo iliyochagua wa kumpa. Mwaka 1947, katika miji 13 ya jimbo la Mississippi, mikopo zaidi ya 3,200 ilitolewa, na miwili tu ikaenda kwa watu weusi. Sheria haikuwataja kwa ubaya popote. Ndiyo maana nasisitiza mtu wa kusindikiza. Mjane aliye peke yake ni rahisi kuambiwa njoo kesho. Akiwa na mzee pembeni anayeuliza kwa upole, "Kifungu gani kinachosema hivyo, mwanangu?" na kuandika jina la aliyejibu, kesho hiyo huja mapema.

Sasa nilegeze sauti, maana kuna jambo lisilofaa kusemwa kwa ukali.

Wake wa askari, binti zangu, mnaolala na mtu anayeamka usiku akipiga kelele, anayekaa akiutazama mlango kila mnapokwenda hadharani, anayefoka kwa sababu mtoto ameangusha sufuria: hamjalogwa, na wala hajaacha kuwapenda. Baada ya kurudi, wangu alikuwa hawezi kukaa na mgongo kwenye dirisha, nami nilijifunza kupanga viti bila kumuuliza. Zamani watu hawa waliitwa waoga. Katika vita ya kwanza jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake 306 kwa makosa kama utoro na woga, na inaaminika miongoni mwao walikuwamo waliokwisha kuvunjika akili kwa mizinga. Msamaha wao ulitoka mwaka 2006. Madaktari wa akili wa Marekani waliliingiza jeraha hili rasmi kwenye mwongozo wao wa magonjwa mwaka 1980, baada ya askari wa Vietnam na waliowahudumia kulipigia kelele. Linatibika, au angalau hupungua. Mpelekeni akaongee na mtaalamu. Akikataa, mtafuteni mwenzake wa kikosi aliyewahi kutibiwa, kwa maana askari humsikia askari. Na mkipigwa, ondokeni na watoto kwanza, huruma baadaye. Kuna watakaochukia nimesema hivyo. Wachukie.

Mengine nayapitia haraka, mnayajua hata kama hamyafanyi. Kiinua mgongo kisitumike mpaka vumbi la kurudi nyumbani litulie, na asikopeshwe shemeji. Mke aambiwe kiasi kamili. Watoto wana haki ya ada katika nchi nyingi, ila ina ukomo wa umri, kwa hiyo ulizeni kabla hawajaupita. Mjane akitaka kuolewa tena, asome kanuni kwanza: Uingereza wajane wengi wa vita walikuwa wakipoteza pensheni kwa kuolewa, hadi kanuni ilipobadilishwa Aprili 2015. Ujuzi wa jeshini, uwe wa fundi magari, mpishi au muuguzi, utafutiwe cheti cha uraiani kabla ya kustaafu. Aliyepoteza kiungo asifichwe ndani. Daktari Ludwig Guttmann aliwapanga askari wa viti vya magurudumu washindane kwa upinde na mshale kule Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1948, walikuwa 16 tu, na leo hiyo ndiyo Paralimpiki.

Ninyi majirani msiowahi kuvaa sare, mnaopenda kushangilia gwaride: askari aliyestaafu akiomba kazi ya ulinzi mnampa nusu ya ujira kwa kuwa "ana pensheni." Pensheni ni deni la zamani. Kazi ya leo ilipwe leo.

Kwa viongozi wa vyama, nina maombi, na nitayafuatilia. Chagueni wawili wenye subira, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, kazi yao iwe kusindikiza wajane ofisini. Nauli yao itoke kwenye fungu la maua. Wekeni daftari la wanachama lenye namba ya jeshi, jina kama lilivyo kwenye cheti, jina la mrithi na tarehe ya mwisho fomu ilipotazamwa. Daftari likae kwa katibu chini ya kufuli, maana namba hizo vishoka wanazitamani. Kikao kijacho ajenda ya sare iondolewe, kila mtu aje na bahasha yake, tuzifungue mezani na kusoma majina herufi kwa herufi. Nitakuja na miwani. Na yule binti nimekwisha mwambia tunarudi naye Jumatatu. Mwenye nafasi atukute ofisini saa mbili asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu.

Mama yenu,
mjane wa askari