Barua kwa Mama Shamim: pointi za mtoto na hela ya chuo

Mama Shamim dada yangu,

Salaam sana, na salamu kwa Baba Shamim na watoto wote hapo Busia. Voisi yako nimeisikiliza jana usiku, nikaona hii si ya kujibu kwa voisi, bora nikae niandike ndio umsomee mzee pole pole na Shamim mwenyewe asome. Umesema kibanja cha Tiira mnakiuza mpate hela ya chuo ya Shamim, mnunuzi ameshapatikana na anataka kuleta advansi wiki ijayo. Dada, mwambieni huyo mtu asubiri kwanza. Sisemi msiuze kabisa, kibanja ni chenu, lakini mtoto mtihani wake ni Novemba, matokeo yanatoka mwakani Februari au Machi, na hela nyingi za chuo zinagawanywa kwa kuangalia pointi, sasa mnauzaje kabla hamjajua pointi zake zitamlipia nini?

Unajua mimi hapa shuleni niko ofisi ya sekretari, kila mwaka S6, wale wanaomaliza sekondari, wakishatoka wanapitia kwangu, mwenye kutaka barua ya hedimasta, mwenye kutaka kopi zipigwe muhuri, na ninaona vile mambo yanavyoenda. Watoto wanaokosa ufadhili si wote waliofeli. Wengine wamepita vizuri sana lakini wamepeleka pointi zao mahali ambapo kila mtu ana pointi kama hizo au zaidi. Hicho ndicho nataka mkielewe nyumbani kwenu kabla ya kitu kingine chochote, pointi zilezile hazina bei moja kila soko. Kwa kozi moja mtoto ni wa mia mbili kwenye foleni, kwa kozi nyingine au chuo kingine yeye ndiye wa kwanza na wanamwita wenyewe wamlipie.

Nianze na serikali manake hiyo ndio kubwa. Kila mwaka serikali ya Uganda inalipia wanafunzi kama 4,000 wapya kwenye vyuo vyake, Makerere, Kyambogo, Mbarara, Gulu, Busitema hapo kwenu, Muni, Lira, Kabale, Soroti na vingine. Karibu robo tatu yao wanaingia kwa merit ya taifa, yaani pointi tupu bila kuuliza umetoka wapi. Waliobaki wengi ni kota ya wilaya, alafu kuna nafasi chache za watoto wenye ulemavu na za wanamichezo. Hiyo kota watu wanaisahau sana na mimi inaniuma. Maana yake Busia ina nafasi zake, Shamim hapo hashindani na watoto wa zile shule kubwa za Wakiso na Mukono, anashindana na watoto wa wilaya yake, na kwa sababu amesoma hapo hapo na wazazi wako hapo hata kuthibitisha ni rahisi, LC1, mwenyekiti wa kijiji, anawajua, wilaya inawajua. Kwa hiyo akikosa merit ya taifa msilie mkafikiri imeisha, fuatilieni kota mpaka mwisho, muende wenyewe wilayani muulize, msingoje kuambiwa.

Sasa hapa kwa pointi nataka Shamim achukue karatasi na kalamu. Umesema anafanya Biolojia, Kemia na Kilimo na sabumathi, ile hesabu ndogo. A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2, O ni 1, hiyo anaijua. Lakini chuo hakihesabu hivo tu. Kila kozi ina masomo mawili ya lazima ambayo yanazidishwa mara 3, la tatu linazidishwa mara 2, na vile vidogo kama GP (General Paper) na sabumathi vinabaki mara 1, matokeo ya S4, kidato cha nne, nayo yanaongeza kidogo. Tuseme ameleta A ya Kilimo, B ya Biolojia na D ya Kemia. Akiomba kozi ambayo lazima yake ni Biolojia na Kemia, kama udaktari, Biolojia inampa 15, Kemia 9, Kilimo 12, jumla 36. Akiomba kozi ambayo lazima yake ni Kilimo na Biolojia, Kilimo kinampa 18, Biolojia 15, Kemia 6, jumla 39. Mtoto ni yuleyule, mtihani uleule, lakini pointi 3 zimetoka kwa kuchagua tu! Na pointi 3 si mchezo dada, kule wanakatana kwa nukta, mtu anaachwa kwa nukta mbili au nukta tatu anabaki nje. Ndio maana ile fomu ya serikali ikifika asiijaze kwa haraka huku anachungulia rafiki yake ameandika nini. Kwanza atafute kata pointi za mwaka uliopita, yaani pointi za chini kabisa zilizoingia, vyuo vinazitoa wazi, aangalie kila kozi anayoipenda ilikata wapi, alafu chaguo la kwanza aweke mahali ambapo pointi zake zinaweza kufika kweli.

Najua Baba Shamim anataka daktari. Asinielewe vibaya, mtoto akileta A zake aende udaktari na mimi nitakuja kusherehekea. Lakini nimemsikia Shamim mwenyewe alivyokuwa anaongea juu ya ng'ombe Idi ile, alivyoeleza ugonjwa wa kupe mpaka wazee wakanyamaza wanamsikiliza, huyo mtoto hata daktari wa mifugo au kilimo anaweza kuwa mtu mkubwa sana. Muulizeni yeye anataka nini. Alafu kuna hii, Makerere tangu 1990 inawaongezea wasichana pointi 1.5, kwa hiyo akipiga hesabu yake ya huko asiisahau.

Basi serikali ikikataa kabisa, ndio mnaenda kwa basari za vyuo vyenyewe. Vyuo vingi vya binafsi vinataka watoto wenye pointi nzuri, vinawapunguzia ada nusu, robo, wengine hata yote. Huku Mbale tuko na IUIU, kile chuo cha Kiislamu, kuna UCU ya Wakristo Mukono, Ndejje, Nkumba na vingine, kila kimoja na utaratibu wake, na kwa ule mguu wa mdogo wake Shamim anayecheza mpira mkumbuke Ndejje na Nkumba wanajulikana kwa kuchukua wanamichezo. Lakini hapa ndipo wazazi wanadanganywa na furaha. Barua inakuja imeandikwa asilimia 50, watu wanapiga vigelegele, hakuna anayeuliza asilimia 50 ya nini. Mara nyingi ni ya ada ya masomo peke yake. Kuna ada zingine za usajili, maktaba, mitihani, kitambulisho, gildi ya wanafunzi, elfu 20 ya NCHE, lile baraza la elimu ya juu, kila mwaka, alafu hosteli, chakula, nauli. Tuseme chuo cha mbali ada ni 1,800,000 kwa semesta, wakikata nusu unalipa 900,000, weka 600,000 za ada zingine, weka hosteli 700,000, ni 2,200,000 na mtoto hajala bado. Chuo cha karibu ada ni 1,100,000, wamempunguzia robo tu, unalipa 825,000, ada zingine 400,000, analala nyumbani, jumla 1,225,000 na nauli ya taksi. Robo imeshinda nusu! Kwa hiyo msiangalie ile asilimia, angalieni mwisho wa siku nyinyi mnatoa ngapi mfukoni, kwa miaka yote mitatu au minne.

Na muulize swali lingine ambalo ni muhimu kuliko yote, hii basari inaendelea mpaka amalize au ni ya mwaka wa kwanza tu, na akitaka isikatwe lazima apate GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ngapi. Kuna binti wa hapa kwetu, jina siliweki, alipewa basari nzuri sana kwenye chuo kimoja, semesta ya pili akaugua malaria kali akakosa karatasi mbili, GPA ikashuka wakamkatia palepale, wazazi hawakuwa wanajua hata kama kulikuwa na sharti. Sharti lilikuwa kwenye ukurasa wa pili wa barua. Someni ukurasa wa pili, na kama haupo ombeni waandike, ahadi ya mdomo ya mtu wa ofisi ya udahili haimfikishi mtoto mwaka wa tatu.

Ikibaki pengo kidogo kuna mkopo wa serikali kwa wanafunzi wa vyuo, ule watu wanaouita HESFB, ulioanzishwa kwa sheria ya 2014. Ule unalipa ada ya masomo, zile ada za chuo, na hela ya utafiti, lakini chakula na hosteli haulipi, na kozi za sayansi ndizo wanazozipa kipaumbele, hapo Shamim yuko vizuri. Ni deni lakini, anamaliza, anapewa mwaka mmoja wa kupumua, alafu anaanza kulipa na riba. Mimi ningeutumia kuziba pengo tu.

Kuna pia Mastercard Foundation pale Makerere, wako tangu 2013, hiyo inalipa kila kitu mpaka matumizi, lakini wanataka mtoto mwenye akili ambaye kwao kweli hakuna uwezo, na wanawapa wasichana nafasi kubwa. Hapo atahitaji kuandika maisha yake. Mwambie asiandike maneno makubwa, aandike vile anavyoamka saa kumi na moja kukusaidia kupanga mukene (dagaa) sokoni kabla ya shule, aandike ameanzisha nini na wenzake, watu wanaosoma hizo barua wanasoma nyingi na wanajua ya kukopi. Na yule jirani yenu Mama Furaha aliyetoka Kongo, mwambie mtoto wake asidharau, kuna skolashipu ya DAFI ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, kwa wakimbizi wanaotaka digrii, iko tangu 1992, aulize mapema.

Nje ya nchi niseme kidogo tu. Wizara ya Elimu hutangaza nafasi za Algeria na nchi zingine, inafaa kufuatilia. Uturuki wana Türkiye Bursları, maombi ni Januari mpaka Februari 20, hailipishwi hata shilingi, lakini mwenye kutaka udaktari wanataka asilimia 90. Marekani watu wanafikiri ukiwa na alama kubwa Harvard wanakupa skolashipu ya alama, hapana, Harvard na MIT hawatoi hela kwa sababu ya alama, wanaangalia familia yenu haina uwezo kiasi gani ndio wanajazia, ila kuingia kwenyewe ndio shida. Zile za alama wanatoa vyuo vya kawaida ambavyo vinamtaka mtoto bora kuliko wale walionao, unaona ni hesabu ileile ya foleni niliyokwambia mwanzo. Akitaka huko kuna EducationUSA kwenye ubalozi wao Nsambya, ushauri ni bure.

Na mkisikia mtu wa WhatsApp anasema tuma laki moja na nusu kwa simu tukupitishie jina la mtoto kwenye listi, dada zima simu. Fomu ya kuomba chuo ina ada yake inayolipwa benki na inajulikana, lakini hakuna skolashipu ya kweli inayoomba hela ndio ikupe hela.

Kitu cha kufanya sasa hivi, kabla hata ya mtihani, ni makaratasi. Cheti cha kuzaliwa cha NIRA, ile ofisi ya vitambulisho vya taifa, apate, na jina liwe lilelile kama la PLE ya shule ya msingi na la S4, herufi kwa herufi. Ninamkumbuka kwenye fomu zingine ni Shamim na kwingine mmeandika Shamimu, hiyo peke yake inaweza kumrudisha mtu nyuma miezi, mrekebishe sasa hivi wakati hakuna haraka. Picha za paspoti apige nyingi. Barua ya LC1 mnaweza kungoja. Ya hedimasta aombe kabla ya likizo, na amuombe mwalimu wa Kilimo pia amwandikie manake huyo ndiye anamjua kazi yake ya shambani.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi niko huru, njooni wote wawili na Shamim, taksi ya Tororo mpaka Mbale ni asubuhi tu, mtalala hapa. Ila kabla ya hapo nipigie picha ripoti ya moku, ule mtihani wa majaribio, na slipu ya S4, pande zote mbili zionekane vizuri, na Shamim aniandikie kozi tano anazozipenda yeye, asiandikiwe na mtu. Nitakaa nazo jioni nipige hesabu za kila moja.

Ni mimi dada yako,
Mama Yasini, Mbale