Dereva mpya wa trela aanzie wapi: ubavuni mwa mkongwe au kwenye lori dogo?

Mhariri,

Sisi hupanga madereva katika yadi moja ya malori hapa Eneo la Viwandani, Nairobi, na swali letu ni kwa wasomaji wanaoijua barabara. Kijana anakuja na leseni ya trela na cheti cha tabia njema. Usukani anaujua, anarudi nyuma hadi mlango wa ghala bila kugusa ukuta. Mnamwanzisha vipi ili awe dereva, si mshika usukani tu? Mkono wake tunaupima kwa nusu saa. Moyo wa kazi haupimiki hivyo, na hapo ndipo tumegawanyika.

Upande mmoja unasema akae kwanza ubavuni mwa dereva mkongwe, safari kadhaa za Malaba, mpakani na Uganda. Hoja ni nzito. Chukulia kuunganisha trela. Mgeni akisikia kufuli imelia, anainua miguu ya trela na kung'oa nanga. Mkongwe huacha breki za trela zimeshika, anatia gia ya chini na kuvuta taratibu aone kama inamkatalia. Kisha anashuka na tochi, anachungulia chini: taya zimeifumbata pini ya trela, na hakuna mwanya kati ya sahani ya kichwa (gari la mbele lenye injini) na kitako cha trela. Palipo na mwanya, huenda pini imekaa juu ya taya, na trela itachomoka njiani. Ndipo anachomeka mipira ya upepo wa breki, mwekundu na wa njano, halafu ndipo anainua miguu. Kontena nayo ina kufuli 4 pembeni, na zisipofungwa inaweza kulala kwenye mzunguko huku lori limesimama wima. Kijana anayehesabu dakika hizo kuwa za kupotezewa ndiye tunayemwogopa, hata awe fundi wa usukani namna gani.

Lakini wenzetu wanauliza: mkongwe yupi? Maana huyo huyo anayefundisha kuchungulia pini ndiye anayefundisha kuteremka fri. Akifika mteremko wa Sachangwan kuja Salgaa anatoa gia, lori linajikimbiza lenyewe, na dizeli iliyobaki inauzwa kwa mtungi kando ya barabara. Gia ikishatoka, injini haishikilii lori tena. Uzito wote unaangukia breki za magurudumu. Zikikanyagwa mfululizo zinachemka na kupoteza mshiko, na upepo kwenye tangi unaisha haraka kuliko kompresa inavyoujaza. Kurudisha gia kwa mwendo ule ni vigumu mno. Baadaye utasikia "breki zilifeli", bila neno kuhusu gia ilikuwa wapi.

Kinachoudhi ni kwamba kwa injini za kisasa hata akiba yenyewe ni hewa. Lori likiwa ndani ya gia mteremkoni na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta hukata dizeli kabisa. Likiwa nyutro, injini inaendelea kunywa ili isizime. Mwambie mkongwe hayo uone atakavyocheka.

Basi hawa wa pili wanataka kijana aanze na lori la tani 10 humu mjini, asiguse trela kwanza, ajifunze upakiaji ambako kosa halina gharama kubwa. Sheria ya uzani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inairuhusu trela ya ekseli 6 kubeba jumla ya tani 50 pamoja na uzito wa gari: 8 kwenye ekseli ya mbele, 18 kwa zile mbili za nyuma ya kichwa, 24 kwa tatu za trela. Vijana wengi wanaijua hiyo 50 peke yake. Gari la tani 49 lililosukumiwa mzigo mbele litazuiwa mizani ya Mlolongo vilevile, kwa sababu ekseli za kichwa zimezidi. Upakiaji atajifunza kwenye lori dogo, sawa. Ila halitamwonyesha tani za nyuma zinavyomsukuma kwenye mteremko wa Mai Mahiu, wala trela inavyokata kona kwa ndani.

Malipo nayo yanatuvuruga. Dereva anayelipwa kwa safari ana kila sababu ya kukimbia na kutolala. Mshahara wa mwezi kwa mgeni ungempa subira, ila mhasibu anauliza nani atakayeharakisha mzigo.

Tunaomba ushauri, hasa wa madereva wenyewe. Je, kijana apite kwa mkongwe au kwa lori dogo, na kwa muda gani? Kama ni mkongwe, mnamchaguaje? Kuna anayemlipa mgeni kwa mwezi na kazi ikaenda?

Na wenye yadi, mnapima vipi makini ya mtu kabla hajatoka langoni? Sisi tuna kipimo kimoja tu. Tunamwambia alizunguke lori ambalo nati moja ya gurudumu ina mchirizi wa kutu unaoshuka kwenye rimu, dalili kwamba huenda imelegea. Akija kutuambia bila kuulizwa, tunamwandika. Tunatafuta vingine vya aina hiyo.

Wapangaji safari,
Eneo la Viwandani, Nairobi