Risala ya Wavuvi wa Likoni kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuteremsha Mashua Yenye Mashine Mpya

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wa diko hili tunapoegesha vyombo, manahodha, mama karanga wetu wakaanga samaki, na vijana wetu, Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Karibu sana Likoni. Mashua uionayo pale ni ya mbao, ya siku nyingi, na mkuku wake, ule uti wa mbao wa chini, bado mzima. Wengi walitushauri tuiuze, tununue boti ya faiba. Tulikataa, maana kilichochoka ni mashine, si mashua.

Mheshimiwa, aujuaye mlango wa Kilindini, njia ya meli kuingia bandarini Mombasa, anajua dhiki yetu. Mashine ikizimika pale, feri zinakatiza, meli ya makontena inaingia na haiwezi kukukwepa, na maji yakipwa mkondo unakuvuta nje. Msimu wa kusi mashua ilikuwa ikilala mchangani, na mama karanga wakirudi nyumbani na makarai matupu.

Mashine ya zamani ilikuwa ya kuchanganya oili na petroli, moja kwa 50. Hii mpya, ya nguvu za farasi 40, ina oili yake peke yake, haichanganywi na petroli. Inakula petroli kidogo, ila ni nzito zaidi, na ubao wa tezi, yaani wa nyuma unaobeba mashine, ulikuwa umeoza kwenye matundu ya bolti za zamani. Fundi wetu aliukata wote, akaweka mpya, akaukaza kwa bolti zisizoshika kutu na kutia kalafati upya, pamba ya kuziba nyufa za mbao. Kisha akapima: kile kibapa kilicho juu ya propela kiwe sawa na chini ya mkuku, au kishuke kidogo tu. Kikikaa juu, propela inavuta hewa, mashine inalia na chombo hakiendi. Kikizama mno, kinaburura maji. Tangi la petroli nalo likasogezwa kuelekea omo, yaani mbele, uzito usilale wote nyuma. Mikono ya fundi yule inastahili shukrani za diko zima.

Nahodha ameagizwa asiikimbize mashine kwa kasi yake yote katika saa 10 za mwanzo, na ikitimiza saa 20 oili ya kwanza imwagwe. Kila ikitoka baharini lazima isuuzwe kwa maji matamu, na maji hayo tunayanunua kwa mitungi.

Kwa hivyo, mheshimiwa, leo hatuombi mashine ya pili. Tumeziona mashine za msaada zimelala majumbani kwa kukosa kipande cha raba cha pampu ya maji. Tunaomba bomba la maji matamu hapa dikoni, vijana wetu wawili wasomeshwe ufundi wa mashine hizi hapa hapa Mombasa, duka la vipuri lililo karibu, na jaketi za kuokolea za kumtosha kila baharia. Bomba ndilo la haraka, chumvi haisubiri.

Maji yamejaa sasa. Tunakuomba ushuke nasi, uvae jaketi, nahodha akupeleke hadi Mtongwe na kukurudisha.

Ahsante.

Imesomwa na katibu, kwa niaba ya wanakikundi.