Salamu za Krismasi kwa Watu wa Reli ya Tanga

Ndugu zangu mlioko kandokando ya Reli ya Tanga, heri ya Krismasi! Mwaka huu salamu zangu nimezipandisha treni. Zinaanzia pwani na zitakuwa zikishuka njiani mpaka Arusha.

Wa Tanga mjini, shikamooni, maana ninyi ndio wakubwa. Ujenzi ulianzia kwenu mwaka 1893, enzi za Mjerumani. Mwaka huohuo Mjerumani mmoja, mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf, alileta mkonge Pangani, vikapona vichipukizi 62 tu, na kutokana na hivyo yakaja mashamba yote yale tunayoyaona tukichungulia dirishani. Jirani zetu Waislamu, sahani za pilau zitawafikia kama kawaida.

Wa Muheza, kampuni iliyoanza kujenga iliishiwa fedha ikiwa kwenu, hadi serikali ya kikoloni ikainunua reli mwaka 1899. Mimi simlaumu mtu kukwama Muheza. Kwa machungwa yale, nani angekuwa na haraka?

Korogwe mlifikiwa 1902, Mombo 1905. Hapo Mombo reli iliitazama milima ya Usambara ikaamua kupita chini, kwa hiyo mpaka leo anayekwenda Lushoto kwa treni anashuka Mombo na kuanza kuzihesabu kona kwa gari. Wasambaa, poleni na kona, na hongereni kwa baridi. Sisi wa Dar mwezi huu tunaiva.

Kisha kwetu Upareni: Hedaru, Makanya, Same, Lembeni. Watu wakisema Krismasi ya kaskazini wanaitaja Moshi tu, na Wachaga "kwenda kuhesabiwa", yaani kurudi kwao kila Desemba. Sawa, wahesabiwe. Lakini mimi nasema Krismasi ya reli ilikuwa kwenye hizi stesheni ndogo. Treni ikisimama, kijiji kizima kinajua nani kashuka, kaja na nani, na gunia la mchele ni la nani. Huwezi kurudi kimyakimya. Kabla hujafika nyumbani, shangazi ameshaambiwa umenenepa.

Reli ilifika Moshi mwaka 1911, kilomita 352 kutoka Tanga, na kufikia 1930 ilikuwa imesogezwa hadi Arusha. Ilijengwa ili mkonge na kahawa vishuke bandarini. Aliyeichora hakutuwazia sisi na mafurushi yetu ya Desemba. Na sisi ndio tulioigeuza matumizi: mzigo wa tajiri ulishuka, watoto wa vibarua wakapanda nayo kwenda kuwaona bibi zao.

Wa Taveta, huko Kenya, hamkusahauliwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliivuta njia yao kutoka Voi, ikapita kwenu na kuungana na hii yetu karibu na Kahe mwaka 1916. Iliwekwa kwa ajili ya kubeba askari, ila ukoo uko pande zote mbili za mpaka na salamu hazihitaji pasi.

Sisi wa Dar tulichelewa. Kipande cha Ruvu hadi Mruazi kilichotuunganisha na reli hii kilikamilika 1963. Baadaye, miaka ya 1990, treni ya abiria ikakoma, majani yakaota kwenye mataruma, tukahamia kwenye mabasi. Iliporudi hadi Moshi Desemba 2019, wiki chache kabla ya Krismasi, wazee walitoka kuipungia mkono. Arusha ikafuata 2020.

Ndiyo, basi linawahi kufika. Lakini kwenye behewa mtoto analala akajinyoosha, bibi anaamka kunyoosha magoti, na hakuna dereva anayeshindana na mwenzake gizani. Desemba hii tuwaombee wote walio barabarani, na tuwakumbuke waliotoka kwenda nyumbani miaka iliyopita wasifike.

Mabwana stesheni, madereva wa treni na mafundi wa njia mtakaokuwa zamu usiku wa mkesha, Mungu awalipe. Mama zangu wa vikapu, mtuwekee mayai ya kuchemsha. Na ninyi wa Moshi, mbege isiishe kabla hatujafika.

Krismasi njema na Mwaka Mpya wenye baraka!