Shangazi, usije Desemba

Shikamoo Shangazi,

Juzi kwenye simu uliniuliza swali, nikacheka, nawe ukaniambia kucheka si jibu. Ulisema: "Hivi kweli huko mnakata tiketi kwenda kutazama maua?" Kabla sijajitetea mtandao ukakatika, ukabaki na jibu lako mwenyewe kwamba Ulaya watu wana pesa za kuchezea.

Sasa nakujibu, tena hadharani, maana habari ya safari yako imeshakuwa kesi ya ukoo mzima kwenye kundi la WhatsApp. Binamu anataka uje Desemba kwa sababu ndipo anapokuwa na likizo. Mimi nasema uje huku Uingereza wiki ya mwisho ya Aprili. Na najua tuko wengi tunaowaleta wazazi wetu huku Desemba. Saa kumi jioni giza limeshaanza kuingia, mzee wa watu yuko sebuleni kajifunika blanketi juu ya koti, anatazama hita mpaka siku ya kurudi. Akifika kwao anasimulia baridi, basi. Tumemnyima nchi nzima halafu tunapost picha za keki.

Maua ya huku yana zamu, Shangazi. Kwetu Muheza ukipanda rozela au mwaridi, ukimwagilia, utapata ua mwezi wowote. Huku kila ua lina wiki zake, likishapita limepita mpaka mwakani. Yanaanza madogo meupe mwishoni mwa Januari, yanaitwa matone ya theluji, na kweli wakati mwingine hutokea theluji ikiwa bado iko chini. Machi zinakuja dafodili za njano, hizo utazikuta popote, makaburini, pembezoni mwa reli, mpaka kwenye mizunguko ya barabara. Kisha miti ya micheri inavaa maua ya rangi ya waridi wiki moja mbili, upepo ukipiga mara moja yote iko chini. Halafu, nusu ya pili ya Aprili mpaka katikati ya Mei, ndipo msituni kunakuja lile ninalotaka ulione.

Waingereza wanaliita kengele ya buluu, nami nitaliita hivyo hivyo. Moja moja halina makuu. Shina lake ni jembamba kama njiti ya ufagio, kichwa kimeinama upande mmoja kama mwari mwenye haya, na vikengele kadhaa vimening'inia, midomo imekunjukia nje. Ukiinama karibu lina harufu tamu, hafifu. Lakini hayaji moja moja. Yanajaza msitu. Unatokea kwenye kona ya njia, chini ya miti yote hakuna udongo wala jani kavu, kuna rangi tu. Si buluu hasa, si zambarau. Unaijua ile rangi ya moshi wa kuni asubuhi mapema, unapolala chini bondeni kabla jua halijaupandisha? Ndiyo hiyo, ila huu moshi ukiufuata unakuta una shina.

Mwaka wangu wa kwanza nilisimuliwa habari hizi kazini, nikaenda. Nikaenda Juni. Nimevaa vizuri, nimebeba na kamera ya kuazima. Nilikuta majani mabichi juu, giza chini, na vishina vikavu vimelala kama nyuzi za mkeka mbovu. Nilimuuliza bwana mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa, maua yako wapi? Akaniangalia kama mtu aliyefika harusini mwezi mmoja baadaye.

Sababu yake nimeielewa polepole. Miti ya huku, mialoni na wenzake, hupukutisha majani yote kabla ya kipupwe. Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka msitu uko wazi juu kama nyumba iliyoezuliwa, na jua linafika mpaka chini. Kengele za buluu zina kitunguu ardhini. Zinatoa majani mapema, baridi ingali kali, zinachuma mwanga, zinachanua, zinajiwekea akiba kwenye kitunguu. Mwezi Mei miti inavaa majani na paa linafungwa. Ua linaloishi chini ya mti mkubwa limejifunza kuamka kabla mwenye nyumba hajaamka. Nami nilifika mlango umeshafungwa.

Mwaka wa pili nilifika kwa wakati, nikaharibu mwenyewe. Nilitoka njiani hatua tatu nne ili nipate picha nikiwa katikati ya maua. Bibi mmoja, amevaa buti za mvua, akaniambia kwa upole kabisa nitazame miguu yangu. Nikatazama. Majani yalikuwa yamelala, yamepondeka, yanateleza kwa utomvu. Akanieleza kwamba jani likishavunjika haliwezi tena kukilisha kitunguu, na nilipokanyaga pale huenda pasichanue sawasawa kwa miaka. Mbegu yake nayo inachukua kama miaka mitano mpaka kutoa ua la kwanza. Nilitamani ardhi ipasuke. Ile picha niliifuta.

Ndiyo maana wanayalinda. Sheria yao ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wa porini bila idhini ya mwenye ardhi, na tangu 1998 kengele za buluu zilizochimbwa porini haziruhusiwi hata kuuzwa. Karibu nusu ya kengele za aina hii duniani ziko kwenye visiwa hivi. Na zulia pana la kengele mara nyingi huwa ni ushahidi kwamba msitu ni mzee, kwa sababu halisambai kwa haraka. England wanahesabu msitu kuwa wa kale kama umekuwapo mfululizo tangu mwaka 1600. Mwaka huo, Shangazi, Ngome ya Yesu pale Mombasa ilikuwa bado inanuka chokaa mbichi.

Sasa nitakupeleka wapi. Kuna Kew, bustani kubwa ya mimea magharibi ya London, iliyoanzishwa 1759. Kiingilio chake si cha mchezo, nakiri. Huko mwishoni kabisa, mbali na majumba ya vioo, kuna kibanda cha makuti ambacho kilikuwa cha Malkia Charlotte cha kupumzikia. Nasema makuti, ila ni nyasi. Malkia Victoria alikitoa pamoja na msitu wake kwa wananchi mwaka 1898, kwa sharti kwamba pale paachwe kama palivyo. Pameachwa. Kengele ziko pale, utazisikia ndege zinazoteremka uwanja wa Heathrow juu ya kichwa lakini huzioni kwa majani.

Lakini moyo wangu uko kwingine, na huko ni bure. Ndani ya mbuga ya Richmond kuna shamba la maua limezungushiwa uzio ili paa wasiingie, wanaliita Isabella Plantation. Mwishoni mwa Aprili azalea, vichaka vya maua, zinachanua kandokando ya vijito, waridi, nyekundu, nyeupe, rangi ya machungwa, zinajitazama majini. Mimi mara ya kwanza niliona zimezidi, kama kanga kumi zimeanikwa kamba moja. Wewe utazipenda, nakujua.

Na hapo Richmond kuna kisa kimoja ambacho nimekuwekea. Mbuga ile ilizungushiwa ukuta na Mfalme Charles wa Kwanza mwaka 1637, apate kuwinda. Watu wa vijiji jirani walinung'unika, wakaachiwa njia za kupita. Zaidi ya miaka 100 baadaye akaja binti mfalme, Amelia, akapewa usimamizi, akafunga milango kwa wote isipokuwa marafiki zake. Mtengeneza pombe mmoja wa hapo Richmond, John Lewis, akakataa. Akaenda mahakamani, mtu wa pombe dhidi ya binti mfalme, na mwaka 1758 akashinda haki ya watu kupita kwa miguu. Alipoulizwa anataka mlango au ngazi ya kupandia ukuta, akachagua ngazi, maana mlango hufungwa na watu wakasahau. Ngazi zikawekwa, vidato vimeachana kwa makusudi. Inasimuliwa kwamba Lewis akarudi kwa jaji kulalamika kuwa watoto na wazee hawawezi kupanda, na jaji akaagiza zitengenezwe upya, wapande watoto, wazee, na vikongwe wa kike pia. Kwa hiyo ukifika pale usinung'unike kuhusu magoti. Kesi yako ilishashughulikiwa. Na siku hizi milango iko wazi.

Kuhusu tiketi. Tangu 1927 kuna utaratibu huku wa watu wenye bustani nzuri nyumbani kufungua geti siku moja au mbili kwa mwaka, jirani na mgeni waingie kwa kiingilio kidogo, na fedha ziende kwa wauguzi. Mwaka ule wa kwanza zilifunguliwa bustani 609, na kiingilio kilikuwa shilingi moja. Shilingi yao, usicheke. Zilipatikana zaidi ya pauni 8,000. Mpaka leo unaingia kwenye uwanja wa mtu usiyemjua, unakuta meza ya keki na birika la chai, mwenye nyumba anakueleza alivyopigana na konokono. Hapo mimi nalipa bila kinyongo. Ni kama kuchanga harusini, chai unakunywa.

Halafu kuna hili, ambalo ndilo lililonichekesha kwenye simu. Unayakumbuka yale maua madogo ya zambarau kule juu Amani, yenye majani ya manyoya, yanayoota kwenye mawe ya kivulini karibu na kijito? Yale tuliyokuwa tukiyaruka tukienda kuteka maji. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani pale Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyapeleka Ujerumani kwa baba yake. Mwaka uliofuata mtaalamu wa bustani za Hannover, Hermann Wendland, akayapa jina la huyo baron, Saintpaulia. Wajerumani wenyewe angalau wanayaita urujuani wa Usambara. Leo yanauzwa kwenye supamaketi hapa mtaani kwangu, kwenye vikopo vya plastiki, kati ya maziwa na magazeti. Nilinunua moja. Mtoto wa Muheza nimesimama kwenye foleni, nimelipa pauni, nimebeba ua la Amani kwenye mfuko. Sasa ungetaka nikujibu nini?

Basi tupange. Ukifika wiki ya mwisho ya Aprili, siku tatu za kwanza lala. Siku ya nne twende Richmond, siku ya katikati ya wiki, asubuhi, kabla watu hawajajaa. Kanga funga, lakini ndani vaa suruali ya sufu, nitakununulia. Viatu vya kufunga, si ndala, njia zinakuwa na tope. Chai nitatia tangawizi kwenye chupa, maana chai yao ya kantini ni maji yaliyosalimiana na jani. Mvua itanyesha na jua litawaka siku hiyo hiyo, usishangae. Mbeleko chukua, mjukuu wako hapendi kigari.

Usilete mche wala mbegu. Najua umeshaanza kufikiria. Mmea wa kuingia nchini unataka cheti cha afya ya mimea, na bila hicho watakunyang'anya uwanja wa ndege, utanililia njia nzima. Binamu nitamkabili mwenyewe.

Lile ua la Amani liko dirishani jikoni. Lilichanua mwezi wa kwanza nilipolinunua, tangu hapo ni majani matupu, na mawili ya chini yameanza kuoza. Nadhani nalizidishia maji. Sijaligusa tena, nakungoja wewe mwenye mkono wa kupanda.